Mikseri Mbili, Mahema Mawili

Nyinyi mnaofunga spika Garsen siku hizi, nina ombi moja kabla sijaanza. Mkiniona kwenye hafla nimesimama nyuma ya watu, nimeinamisha kichwa, sitazami jukwaa wala mgeni wa heshima, msidhani mzee amelala wima au ameangusha shilingi. Natazama waya wenu umepita wapi. Kazi nimeiacha, lakini wasiwasi haukustaafu nami. Mke wangu husema hata mazishini mimi huangalia spika kwanza, marehemu baadaye. Ni kweli, na sijui la kufanya.

Wahenga walisema wasiwasi ndio akili. Basi mimi nina akili ya kugawia kijiji kizima na nyingine ikabaki. Nimefunga vyombo vya sauti zaidi ya miaka thelathini: ibada, harusi, maulidi, mikutano ya machifu, mpaka matangazo ya chanjo ya ng'ombe. Nilianza na amplifaya iliyokula betri ya gari na pembe mbili za bati zilizofungwa juu ya nguzo. Wakati huo mtu akipiga kelele kwamba hakuna sauti, ulikuwa na vitu vitatu tu vya kushuku: betri, waya, au mnenaji mwenyewe hana la kusema. Nyinyi leo mnazo mikseri za dijitali, taa tele kama duka la simu, na mwaweza kupanga sauti ya kwaya nzima kwa tableti mkiwa mmeketi kivulini na soda mkononi. Sina kinyongo. Naona tu mwazipenda hizo taa kupita kiasi, na waya mmeuacha ujitunze wenyewe.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Saidi wa Kipini, Mungu amrehemu. Hakuwahi kufundisha shule yoyote. Watu walimwita mwalimu kwa sababu hakuweza kukuona unafunga kitu bila kukusahihisha. Akifika kazini alivua viatu na kuufuata waya kwa nyayo tupu toka maiki mpaka spika. Alisema mguu huhisi pale waya ulipojikunja, jicho haliwezi. Mimi nilimcheka. Nilimcheka mpaka siku ya harusi moja Kilelengwani, sauti ilipokatika maharusi ndio wanaingia, nami nikaanza kutafuta wa kugombana naye. Nani amevuta waya? Nani amepita hapa? Nikamkamata shati mpishi mmoja maskini aliyekuwa akipita na sufuria ya pilau. Mwalimu Saidi akanivuta kando, akaniambia kwa Kiamu chake, ambacho njia ni ndiya:

"Mwanangu, uliza umekatika wapi. Ukianza na nani, utapotea ndiya."

Waya ulikuwa umechomoka kwenye amplifaya, mahali nilipoufunga mimi mwenyewe. Nilikwenda kumwomba mpishi radhi. Akanitazama, akanijazia sahani ya ukoko, nami nikaula wote kwa aibu.

Nawaambia hayo ili mjue kwamba mafunzo nilikuwa nayo. Siku ninayotaka kuwasimulia, siku iliyoninyima raha mpaka leo, sikukosea kwa kutojua.

Ilikuwa karibu na kustaafu kwangu. Kuliitishwa kikao kikubwa hapa Garsen, uwanjani, mchana. Wakulima wa mtoni, Wapokomo, na wafugaji, Waorma, walikuwa wamevutana miezi mingi juu ya malka moja, yaani ile njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa maji baina ya mashamba. Mkulima akiilima malka, ng'ombe hukosa maji. Ng'ombe wakitoka nje ya malka, huingia kwenye mpunga. Kinachofuata mnakijua, na waliozika wanakijua zaidi, kwa hiyo ya nyuma sitayachimbua. Hatimaye wazee wa pande zote mbili walipatana. Lakini walisema wazi kwamba hawataki kuishia kwenye karatasi. Kila upande utatoa ahadi yake kwa kinywa, mbele ya watu wote, na watu wote waisikie. Ahadi ambayo wengine hawakuisikia, walisema, si ahadi, ni maongezi.

Kazi ya kuhakikisha imesikika nikapewa mimi, Maro, mwana wa mkulima wa kijiji cha Wema.

Jiwekeni mahali pangu. Sauti ikikatika upande wa wakulima, watasema Maro ni mzembe. Ikikatika upande wa wafugaji, watasema Maro ni Mpokomo. Juma zima chakula kilinishinda. Niliota maiki zinanyauka mikononi mwa watu kama mboga.

Tena chaneli hazikutosha. Mikseri yangu ilikuwa na chaneli kumi na sita, yaani njia za kuingizia maiki. Nilipoandika kila kitu kwenye karatasi, yaani kwaya ya Wema na ngoma zake, akina mama wa Kiorma waimbaji, wasemaji wa pande zote, mkalimani, sheikh na mchungaji, nikafika ishirini na saba. Hapo ndipo nilipompigia simu Barisa wa Bangale.

Barisa alikuwa na duka la vifaa vya umeme kule, na mikseri ya aina ileile kama yangu aliyoikodisha kwenye harusi za wafugaji. Alikuja nayo ameizungushia mablanketi mawili, maana barabara ya Bangale haimwonei huruma mtu seuze chombo. Mtu mzuri, mcheshi, na mbishi kuliko punda.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana kazi. Ukiunganisha mikseri mbili za namna ile kwa kebo ya mtandao, chaneli za ile ya pili hupita ndani ya kebo na kuja kwenye ya kwanza, nawe ukazichanganya zote pamoja na kuzipeleka kwenye spika. Kumi na sita zikawa thelathini na mbili. Lakini kila mikseri ina saa ndani yake inayohesabu sauti kwa kasi usiyoweza kuiwaza, na zikiunganishwa lazima moja itoe hesabu na nyingine iifuate. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga mpunga katika kinu kimoja. Mmoja hutangulia na mwenzake huingia kwa mpigo wake, la sivyo michi itagongana.

"Yangu ndiyo itoe saa," nikamwambia Barisa, "kwa sababu spika zote zinatoka kwangu. Yako ifuate."

"Ifuate?" Akaacha kufungua blanketi. "Yaani mashine ya mfugaji inafuata ya mkulima? Watu watasema nini?"

"Hakuna mtu anaona hiyo kitu, Barisa. Iko ndani ya mashine."

"Mimi naona."

Mwishowe alisema sawa, akabonyeza bonyeza, tukawasha. Spika zikaanza kutoa mlio, tik, tik, tik, kama mtu anayevunja mbegu za tikiti kwa meno. Nilibadilisha kebo. Nikabadilisha maiki. Nikalaumu jenereta. Nusu saa nzima jasho linanitoka, mpaka nikaenda kuchungulia mikseri yake na kukuta ameiacha palepale, nayo inatoa saa yake yenyewe. Fahali wawili hawakai zizi moja, na mtu wa ng'ombe ndiye alipaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Barisa alicheka mpaka akashika goti. "Basi, Maro. Ifuate. Lakini maiki za watu yangu zote zikuje kwa mashine yangu, na mimi nikae kwa hema ya watu yangu. Wakiangalia, wanione."

Nikakubali. Tena nilikubali upesi na moyo ukanitulia, maana niliona ni mpango safi. Wakulima kwenye mikseri yangu, wafugaji kwenye yake. Mikseri mbili zilizounganishwa huwekwa meza moja, ubavu kwa ubavu, na kebo fupi ambayo jicho lako haliiachi. Sisi tukaziweka mahema mawili yanayotazamana, hatua sitini baina yake, na kebo ikapita katikati ya uwanja palepale watu watakapokaa. Fundi wa mji mwingine angetucheka. Hapa hakushangaa mtu, hata mimi sikushangaa, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kukaa.

Nyuma ya mikseri zile kuna matundu mawili ya kebo. La pili ni la akiba. Ukilaza kebo mbili, kila moja kwa njia yake, moja ikifa nyingine hushika bila mtu kujua. Kebo ya pili nilikuwa nayo, mpya, imo garini. Asubuhi ile kulikuwa na pirikapirika, kwaya wanataka maiki zao ziinuliwe, mpanga viti ananipigia kelele, nikajiambia nitailaza baada ya nyimbo. Nyimbo zikaja, zikaisha. Nikajiambia nitailaza baada ya ahadi ya wakulima.

Ahadi ya wakulima ilitolewa na Mama Rebeka, mwenyekiti wao, mama wa Wema aliyenijua tangu sijavaa suruali. Alisema hawatailima malka wala kuizungushia miiba. Sauti yake ilitoka safi mpaka barabarani. Watu wakapiga makofi, naye akaketi na maiki yake mapajani, imewashwa.

Kisha akasimama Mzee Guyo wa wafugaji. Alikuwa mrefu, mkavu, goti moja bovu, na alishika maiki kwa mikono miwili. Akaanza kwa jina la Mungu. Akasema ng'ombe watashuka kwa malka peke yake. Akasema mchungaji atakayeingiza ng'ombe katika mpunga wa mtu, yeye mwenyewe...

Na hapo sauti ikafa.

Midomo yake iliendelea kwenda. Upande wa wafugaji wakatazamana. Na katika kimya kile Mama Rebeka akakohoa, na kikohozi chake kikanguruma uwanja mzima kupitia spika zangu. Kila mtu akajua wakati uleule kwamba maiki ya mkulima ni nzima na ya mfugaji imekufa.

Niliogopa. Sitaki kuwadanganya kwamba nilikuwa fundi imara. Jambo la kwanza lililonijia kichwani ni gari langu liko wapi. Nikashusha sauti zote, za kwangu na za Barisa, ili angalau kimya kiwe cha watu wote. Vijana wa upande wa wafugaji walikuwa wameanza kusimama. Wa huku kwetu nao wakasimama kwa sababu wale wamesimama.

Nilivua viatu, nikaufuata waya. Barisa naye alikuwa anakuja kutoka kwake, tukakutana katikati. Uso wake sikuwahi kuuona vile.

"Maro. Umenikata?"

"Sijakukata. Tafuta waya na mimi."

Alinitazama kidogo, halafu akainama. Tuliukuta chini ya kiti cha plastiki. Mguu wa kiti ulikuwa umeikandamiza kebo juu ya jiwe, na kitini ameketi bwana mmoja mnene anakula njugu, hana habari na dunia. Kebo ilikuwa imekatika kabisa.

Kuleta nyingine na kuilaza ni dakika kadhaa. Dakika hizo sikuwa nazo. Nikarudi mbio kwenye mikseri, nikapandisha chaneli moja tu, ya Mama Rebeka, nikamwendea.

"Mama, niazime maiki. Mzee Guyo amalize."

"Hii nimepewa mimi."

"Nakuomba, mama. Watu wamesimama, huoni?"

"Naona. Ndiyo maana siachi. Nikikupa, hairudi." Akaikumbatia. "Ukitaka ifike kwake, nitaipeleka mwenyewe."

Basi akaipeleka mwenyewe. Alijishika kiuno, akainuka, akakata uwanja akiburura waya, nami nyuma yake nikiulegeza usikwame kwenye viti. Zimebaki hatua kama kumi kumfikia mzee, waya ukaisha. Mama Rebeka akavuta. Nikamwambia kwa kunong'ona asivute, atang'oa. Akasimama palepale na maiki yake mkononi, hawezi kwenda mbele na hataki kurudi nyuma.

Mzee Guyo aliangalia ule waya uliokakamaa. Akamshika Barisa bega, akaanza kuja. Goti lile lilimchelewesha. Kila hatua nilitamani nimbebe. Alipofika, Mama Rebeka hakumpa maiki hata hapo. Aliishikilia mwenyewe mdomoni mwa mzee, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Nilidhani ataendelea na ahadi. Hakuendelea.

"Fundi iko wapi?" Sauti yake ikajaa uwanja.

"Niko hapa, mzee."

"Kwa nini ya sisi ndio imekufa?"

Mama Rebeka akanigeuzia maiki.

Vijana wangu, jibu nilikuwa nalo. Kiti. Barisa alikuwa tayari amekinyanyua kile kiti juu na kipande cha kebo kinaning'inia, yule bwana wa njugu amesimama ameduwaa, na watu wa karibu walikuwa wanataka kucheka. Ningesema ni kiti, na ingekuwa kweli, na ningerudi nyumbani na jina langu. Lakini mzee hakuniuliza ni nini kimekata. Aliniuliza kwa nini ya kwao. Na mimi nilijua kwa nini.

"Mzee, kiti kimekata kebo," nikasema. "Maiki zenu zote zilikuwa zinapita kwa hiyo kebo moja. Ya pili ya akiba iko kwenye gari, niliiacha." Nilitaka kukomea hapo. Maiki ilikuwa bado mdomoni mwangu na Mama Rebeka hakuiondoa. "Kama ingekuwa kwaya ya kwetu Wema inapita pale, nisingeiacha. Ningeilaza kabla ya chai."

Mama Rebeka aliihamishia maiki mkono wa pili, na spika zikakwaruza. Nilikuwa nasubiri jiwe, tena sikujua litatoka upande gani, kwa sababu na wa kwetu nilikuwa nimewaaibisha. Mzee Guyo aligeuka akasema jambo kwa Kiorma na wazee waliokuwa nyuma yake. Wakajibizana. Mmoja wao alikuwa mkali, alipiga fimbo chini mara mbili. Nilimtazama Barisa anitafsirie, naye akatazama pembeni.

Kisha mzee akanirudia.

"Iko kwa gari?"

"Iko, mzee."

"Enda leta."

Nikaenda. Nilipotoka na lile bunda la kebo begani hakuna aliyekuwa ameketi na hakuna aliyekuwa ameondoka. Jua lilikuwa utosini. Nilianza kuilaza kutoka kwenye mikseri yangu, nikipita ukingoni mwa uwanja safari hii, mbali na viti, nikiifunika kwa udongo kila baada ya hatua chache. Nilishindwa kufungua fundo nililolifunga mwenyewe, na kijana mmoja wa kule, mmoja wa wale waliosimama kwanza, akachuchumaa akalifungua bila kunitazama usoni. Mzee Guyo alikuwa anarudi mahali pake, polepole. Mama Rebeka alirudi pake na maiki yake. Nikafika hema la Barisa, akaichukua ncha ya kebo mkononi mwangu, akaichomeka, na tukangoja ile taa ndogo ya kijani iache kupepesa. Ilipepesa muda mrefu. Ikatulia.

Nikarudi kwenye mikseri yangu bado sina viatu, nikapandisha chaneli ya mzee. Watu wakaketi.

Alikuwa amefika katikati ya ahadi yake sauti ilipokatika, na nilidhani ataendelea palepale. Akaanza upya. Akaanza kwa jina la Mungu, akayarudia yote neno kwa neno, ng'ombe, malka, mpunga wa watu, na alipofika pale sauti ilipokatika mara ya kwanza, akapita bila kukatika. Kidole sikukiondoa kwenye ile chaneli mpaka aliposema amina, na uwanja mzima ukamwitikia.